Nionyeshe Mikono Yako Kwanza

Kabla hujagusa kitu chochote humu ndani, nionyeshe mikono yako. Igeuze. Mbele, nyuma, na katikati ya vidole. Kama inang'aa, toka nje ukanawe kwa sabuni ya mche isiyo na manukato, usubiri ikauke yenyewe, usiifute kwenye nguo. Ikishapauka kama ya mtu aliyeshinda anabeba saruji, karibu kazini.

Ndivyo nilivyowapokea vijana miaka yote ya mwisho ya kazi yangu, na najua mlininunia. Kuna mmoja wenu alinibandika jina la Mama Trafiki. Nililisikia siku ileile, nikanyamaza, kwa sababu lilinifaa. Sasa nimestaafu, funguo nimezikabidhi, na mmeniomba niandike machache ya kuwasaidia. Nitaandika kadiri ninavyokumbuka, na kumbukumbu zangu hazipangi foleni, kwa hiyo mnivumilie.

Kwa atakayesoma bila kunijua: naitwa Mama Furaha. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara katika kituo kidogo cha chuo pale Unyambwa, pembeni ya mji wa Singida. Kabla hakijawa maabara, kilikuwa ghala la alizeti, na mpaka naondoka, ukifagia vizuri pembe za chumba cha nyuma ulikuwa bado unaokota mbegu. Kazi yetu ilikuwa moja tu: kuchukua hewa ukaa, hii inayotoka kwenye moshi na kwenye pumzi zetu, kuichanganya na mvuke wa maji ndani ya kasha la kioo, na kuianika juani juu ya kibati chenye kichocheo, ili itoke methani. Methani ni gesi inayowaka, ndugu wa hii mnayopikia ya mtungi. Chuo kilituweka Singida kwa sababu ya jua. Jua letu halina mchezo.

Kibati chenyewe kilikuwa cha titani, metali nyepesi na ngumu, upana wa kiganja. Juu yake tulikuza kichocheo chenyewe, utando mweupe ambao kwa macho ulionekana kama chokaa iliyopakwa na mtu mvivu. Lakini ukiuweka chini ya hadubini kubwa kule chuoni, unaona ni mirija mitupu imesimama wima, ubavu kwa ubavu, kama sega la asali, ila midogo kiasi kwamba unywele mmoja ungefunika mtaa mzima wa mirija hiyo. Hiyo ndiyo nano mnayoitaja kila dakika. Sega lina kuta nyingi mahali padogo, na kazi yetu yote hufanyika ukutani. Jua likipiga ukuta, ukuta unachangamka, na hewa ukaa na maji vinavyougusa vinavunjika na kuungana upya. Ila ukuta hauchagui. Ukikuta uchafu hapo, utauchangamkia uchafu. Shikeni hilo, maana ndilo lililotutoa jasho.

Mwanzoni watu wa jirani walitusubiri kwa hamu sana. Mwenyekiti wa mtaa alikuja siku moja na sufuria mkononi, akauliza foleni inaanzia wapi. Tulimwonyesha kwenye skrini ya mashine ya kupimia gesi kilima kidogo, tukamwambia, "Hiyo ndiyo methani, mwenyekiti." Akaitazama muda mrefu, akatazama sufuria yake, akasema, "Haya, nitarudi ikikua." Alikuwa mtu mwema. Kila tulipokutana sokoni aliniuliza, "Imekua?"

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Petro, fundi wa kwanza wa kituo, mtu wa Ulemo kule Iramba. Alikuwa mfupi, mwenye koti la kaki na kalamu sikioni, na alikuwa bahili wa vifaa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Wa vifaa, sio wa moyo. Chakula chake aligawa mpaka akabaki na njaa, lakini ukivunja bika, kikombe kile cha kioo cha kupimia, alikuwa anaomboleza wiki nzima. Na alikuwa na haki yake. Vitu vyetu vilikuja kwa basi kutoka mbali, na boksi la glavu likichelewa, kazi nzima inasimama.

Kwa hiyo alitufundisha kugeuza glavu. Ukimaliza kazi, unainawa ukiwa umeivaa, unaivua, unaigeuza ndani nje, halafu unaipuliza kwa mdomo kama puto mpaka vidole vitoke kimoja baada ya kingine, pu, pu, pu. Kisha unaianika. Kesho upande uliokuwa ndani ndio unakuwa nje. Uani kwetu kulikuwa na kamba ya nguo iliyojaa mikono ya mpira, inapunga upepo wa Singida kutwa nzima. Wapita njia wakifika usawa wetu walikuwa wanavuka upande wa pili wa barabara. Kuna mama mmoja muuza vitumbua alituuliza kwa sauti ya chini kama kuna waganga humo ndani. Mzee Petro alimjibu, "Hapana mama, kuna mafundi maskini." Tulinunua vitumbua vyake vyote siku ile ili aamini.

Kisa cha ng'ombe nacho kilitokea enzi zake. Kila jioni mashine ilikuwa inapandisha methani, hata kasha likiwa tupu. Asubuhi hakuna kitu, jioni kilima. Tukafungua mabomba yote, tukabadilisha mipira, tukasafisha sindano, wapi. Mzee Petro akachoka, akatoka nje kupunga upepo, na huko akawakuta ng'ombe wa jirani yetu, mzee mmoja mfugaji, wamerudi malishoni na kuegemea ukuta wetu chini ya dirisha, wanacheua kwa raha zao. Ng'ombe akicheua anatoa methani, na dirisha letu lilikuwa wazi pale pale tunapovutia hewa ya vipimo. Tukamwomba jirani awahamishe. Akauliza kwa nini, tukamweleza. Akafurahi kweli. "Yaani ng'ombe wangu wanawazidi nyie wasomi?" Mzee Petro akasema, "Wanatuzidi, tena kwa mbali." Akawahamisha, lakini akawasimulia wenzake mpaka tukawa kichekesho cha kilabuni.

Tangu hapo tukawa na desturi: ukiona methani, kabla hujapiga makofi, uliza imetoka wapi. Nilidhani somo limetuingia. Kumbe lilituingia kuhusu ng'ombe tu.

Mzee Petro alistaafu, akafariki miaka michache baadaye, na mimi nikarithi koti, kamba ya glavu na ubahili wake. Ndipo akaja Hadija.

Hadija alikuwa mtoto wa mwisho wa wakulima wa alizeti kule Sepuka, Ikungi. Alikuja kituoni kufanya utafiti wa shahada yake ya uzamivu chini ya Profesa wetu, aliyekuwa anakaa chuoni na kuja kututembelea mara chache. Alikuwa msichana mwembamba, mcheshi, mwenye sauti ya kuimbaimba anapofikiri. Alikuwa anasali kwenye chumba cha nyuma, kati ya mitungi ya nitrojeni, akitoka huko anarudi moja kwa moja kwenye kibati chake. Nilimpenda haraka. Sina sababu ya kuzunguka, nilimpenda kama wangu.

Alianza kazi wakati wa kipupwe, na kipupwe cha Singida mnakijua. Upepo mkavu, ngozi inapasuka, midomo inatoka damu ukicheka. Mama yake hakuweza kuvumilia kufikiria mikono ya mwanae huku mjini. Akawa anamtumia kwa konda wa basi chupa ya mafuta ya alizeti ya shamba lao wenyewe, yaliyokamuliwa pale pale kijijini, mazito, yananukia mbegu za kukaanga. Hadija alikuwa anajipaka kila asubuhi, polepole, kidole kwa kidole, mpaka kwenye viwiko. Aliniambia mama yake alimpaka hivyo tangu akiwa mchanga, na kwamba harufu ile ikimpanda puani anajiona yuko kwao. Halafu anavaa glavu na kuingia kazini. Nani angeweza kuona kosa hapo? Mikono iko ndani ya glavu.

Baada ya muda vibati vyake vipya vikaanza kutoa methani ambayo hatujawahi kuiona. Kilima kilipanda mpaka nikadhani mashine imeharibika. Tukarudia, kikapanda tena. Profesa akaja na gari, akakitazama, akanishika mkono na kuutikisa kama tunapatana bei ya ng'ombe. Ikapangwa wageni wa chuo waje kuona, na Hadija aanze kuandika. Huko Sepuka habari zilifika kabla ya kitu chochote kuandikwa. Mama yake aliwaambia watu wa msikitini na wa kisimani kwamba Hadija wake anapikia moshi.

Asubuhi moja Hadija alikuja nilipokuwa nimekaa kando ya tanuri la kuchomea vibati, akasimama tu.

"Mama Furaha, shikamoo."

"Marahaba. Mbona umesimama kama umetumwa na mkopeshaji?"

"Nataka tujaribu bila hewa ukaa. Tuweke nitrojeni tupu na mvuke."

"Si ulishafanya?"

"Nilifanya kwa vibati vya mwanzo. Hivi vipya bado."

Kwa mtu asiyejua kazi hii, nieleze. Methani ina kaboni ndani yake. Ukiondoa hewa ukaa kwenye kasha, umeondoa kaboni, kwa hiyo methani haina pa kutokea. Ni kama kupika ugali bila unga: maji yatachemka, lakini ugali hautatokea. Ukitokea, basi kuna unga mahali ambao hukuuona.

Tukaweka nitrojeni. Tukaianika. Mchana nikavuta gesi kwa sindano, nikaiingiza kwenye mashine, tukakaa wawili mbele ya skrini. Dakika ya methani ikafika, na kilima kikapanda. Kilekile, urefu uleule.

Hadija hakulia. Aliweka viganja juu ya magoti, akasema, "Rudia." Nikarudia. Kikapanda. Akasema, "Kwa hiyo haikuwa hewa ukaa. Tangu siku ya kwanza haikuwa." Moyo uliniuma jamani. Humo ndani tulikuwa wawili tu, na nje kulikuwa na Profesa mwenye furaha, wageni njiani, na mama anayemsubiri mtoto arudi na jina la udaktari. Fedha ya masomo yake ilikuwa inaishia kipindi mvua zinapoanza. Akikosa matokeo ya kweli kabla ya hapo, anarudi Sepuka mikono mitupu, na wingu likishatanda hata jua la kufanyia kazi hakuna.

Akachukua simu pale pale mbele yangu, akampigia Profesa. Nilisikia upande wake tu. "Profesa, shikamoo. Methani ile sio ya kwetu… Ndiyo, nimerudia… Hapana, sijui bado inatoka wapi… Naelewa. Wageni wasije." Halafu akasikiliza muda mrefu. Alipokata nikamuuliza kama amegombezwa.

"Hapana. Amesema pole. Halafu amesema nitafute."

Tukatafuta. Hapa vijana kaeni vizuri, kuna jambo la kujifunza. Kibati kikitoka kwenye tanuri, uchafu wote umeungua, kinapenda maji. Ukiweka tone la maji juu yake, tone linalala, linatandaa lote kama mtu aliyechoka. Kibati hichohicho kikipata mafuta, hata kidogo kiasi gani, tone linasimama duara, linateleza huku na huku. Huhitaji mashine ya bei. Tone moja la maji safi linakuambia. Hadija ndiye aliyependekeza tufuate safari ya kibati kwa tone: kikitoka kwenye tanuri, kikiwekwa kwenye kishikizo, kikiingizwa kwenye kasha, kila hatua tone.

Kikitoka kwenye tanuri, lilitandaa. Nilipokiweka mimi kwenye kishikizo kwa glavu za boksi jipya, lilitandaa. Alipokiweka yeye kwa glavu za kwenye kamba, tone likasimama.

Tukatazamana. Akaivua ile glavu, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye ncha za vidole kulikuwa na mng'ao hafifu. Akaisogeza puani. Nikamwona uso unabadilika, na sio kwa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyesikia anaitwa kwa jina la nyumbani.

"Mafuta ya mama," alisema.

Jana yake aliivaa na mikono iliyopakwa mafuta, mafuta yakabaki ndani. Kisha akaigeuza kama tulivyozoea, kama Mzee Petro alivyotufundisha, akaipuliza, akaianika, na kesho yake ule upande wa ndani ukawa nje, unakamata kibati. Tulikuwa tunainawa ule upande mwingine! Kichocheo kikapata mafuta ya alizeti, jua likakipiga, kikayavunja mafuta na kutoa methani safi kabisa. Kilikuwa kinafanya kazi yake vizuri tu. Kilikuwa kinapika mafuta ya Sepuka.

Niliwaza sana juu ya jambo hilo. Mzee Petro aligeuza glavu kwa sababu alikipenda kituo. Yule mama alituma mafuta kwa sababu alimpenda mwanae. Huwezi kumkasirikia yeyote kati yao, na bado kazi ilikuwa imeharibika.

Hadija akaniomba kitu kimoja. "Mama asijue. Akijua ni mafuta yake, hatalala." Nikamwahidi. Chupa ikaenda kabatini chumba cha nyuma. Kamba ya glavu tukaikata, na siku ile nilimwomba Mzee Petro msamaha kimoyomoyo. Ndipo sheria ya mikono mikavu ilipozaliwa. Hakuna mafuta, hakuna losheni, hakuna sabuni ya kunukia, kwa mtu yeyote, awe fundi au profesa. Glavu unaivaa kwa kushika pindo lake la chini tu, vidole vya glavu kwa nje havigusani na ngozi yako kamwe. Mkiona ugumu, kumbukeni sisi tulianza sheria hiyo katikati ya kipupwe. Mikono yetu ilipasuka ikawa kama udongo wa mbuga kiangazi. Nilikuwa nashindwa hata kukanda unga bila kuuma meno.

Tukachoma vibati vyote kwenye tanuri, tukaanza upya. Tukiweka nitrojeni, hakuna kilima, tunafurahi. Tukiweka hewa ukaa, hakuna kilima, furaha inaisha. Wiki zikaenda hivyo. Hadija alidhani shaba ndiyo tatizo. Juu ya mirija tulikuwa tunapandikiza chembe za shaba ili zisaidie kazi, na yeye akaona tumezimwaga nyingi mno, zimefunika kuta jua lisipite. Akaanza kupunguza, kibati baada ya kibati, huku mawingu ya kwanza yanaonekana upande wa mashariki. Alikuwa ameacha kuimbaimba.

Siku alipokuja mama yake ilikuwa siku ya jua kali lisilo na doa, na tulijua hazikubaki nyingi. Kibati chenye shaba kidogo kuliko vyote kilikuwa kwenye tanuri, kinapoa, tayari kuingizwa kwenye kasha. Tukasikia hodi. Mama mtu mzima, mkubwa kwangu kwa miaka mingi tu, kitenge kichwani, kuku wa kienyeji chini ya kwapa, na kapu. Nikampigia magoti, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hamjambo humu?" Sauti ilikuwa ileile ya Hadija.

Hadija alitoka mbio, akamkumbatia. Mama akamshika mikono ili amtazame vizuri, na akasimama hapo hapo. Mikono ilikuwa imepasuka, kwenye vifundo kuna damu iliyokauka.

"Hadija. Mafuta yangu yamekwenda wapi?"

"Yapo, mama."

"Yapo wapi? Mikono hii ni ya mtu mwenye mama?"

Hadija angeweza kusema ukweli. Neno moja tu lingetosha. Nilimwona anatazama dirishani, kwenye jua, halafu anamtazama mama yake, ambaye tayari alikuwa ameshaketi kwenye benchi la nje na kutoa kwenye kapu chupa mpya, imejaa mpaka shingoni.

"Kaa," mama alisema.

Hadija akakaa. Mama akamimina mafuta kiganjani, akaanza kumpaka, polepole, kidole kwa kidole, mpaka kwenye viwiko, huku anamgombeza kwa Kinyaturu kwa sauti ya chini. Na mtoto wa watu akafumba macho, akamwachia mikono yote miwili. Alijua kwamba ameipoteza siku. Mafuta yale hayatoki kwa kunawa mara moja, na mtu aliyepaka hagusi kitu humo ndani mpaka kesho, sheria yake mwenyewe. Nilisimama mlangoni natazama na machozi yananitoka, na sioni aibu kuyaandika.

Alipomaliza, mama akanigeukia mimi. "Na wewe mwanangu, lete hiyo mikono. Mbona imekuwa hivyo? Humu mnafanya kazi gani, jamani?"

Mnajua kwetu. Mtu mzima akikuita akupake mafuta, humkatalii. Ni kama kukataa chakula chake. Lakini kama ningempa mikono yangu, siku ile ya jua isingekuwa na mtu wa kukishika kile kibati. Nikaificha mikono nyuma.

"Ahsante mama, mimi sipaki."

"Hupaki? Kwa nini?"

"Nimeweka nadhiri," nikasema. Ndilo jambo la kwanza lililokuja kichwani, tena mimi Mlutheri ambaye sijawahi kuweka nadhiri ya kitu chochote.

Akanitazama, akafunga chupa yake. Kisha akahamia upande mwingine wa benchi. Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote ya kazi yangu.

Basi nikaingia ndani peke yangu. Hadija akasimama kizingitini, mikono yake inang'aa, ameiinua mbele kama daktari anayengoja kupasua, na akaniongoza kwa mdomo. "Polepole Mama Furaha. Shika pembeni. Sasa tone." Tone likatandaa. "Haya, ingiza." Nikaingiza kibati, nikafunga kasha, nikapitisha hewa ukaa na mvuke, nikalisukuma juani. Kuku akachinjwa, akapikwa, tukakaa wote watatu nje tunamla, mimi kwa kijiko.

Baada ya adhuhuri nikavuta gesi. Hadija alitazama skrini kutoka mlangoni, mama yake amechungulia begani kwake. Dakika ya methani ikafika. Kilipanda kilima kidogo, kidogo mno, ungeweza kudhani ni vumbi kwenye kioo. Nikarudia. Kikapanda palepale. Siku zilizofuata tulikipima kibati hicho kwa nitrojeni, hakuna. Tukalifunika kasha kwa kitambaa cheusi, hakuna. Tukarudisha hewa ukaa na jua, kipo. Lakini Hadija alijua siku ileile, kwa sababu alianza kuimba.

"Ndiyo hiyo?" mama aliuliza.

"Ndiyo hiyo, mama."

"Inapika nini?"

"Hata chai ya sisimizi haipiki."

Mama akafikiri. "Lakini ni yako kweli?"

"Ni yangu kweli."

"Basi," mama akasema, akafunga kitenge chake vizuri.

Hadija alipata shahada yake. Katika andiko lake aliweka habari ya glavu yote, wazi, ili wenzetu wa maabara nyingine wachungulie kamba zao za nguo. Sasa anafundisha chuoni, na kilima kimekua, ingawa mwenyekiti bado hajapata cha kuweka kwenye sufuria. Mimi niliendelea na mikono yangu mikavu, kipupwe baada ya kipupwe, nawanyanyasa ninyi mlangoni. Na kila nilipoitazama mikono hiyo nilimkumbuka yule mama alivyohamia upande wa pili wa benchi.

Wiki niliyokabidhi funguo, nilipanda gari la Sepuka. Nilimkuta nyumbani kwake amekaa barazani anapepeta alizeti, amezeeka, macho yamefifia. Nikampigia magoti. Akanitambua kwa sauti.

"Wewe ni yule wa nadhiri," alisema.

"Ndiyo mama. Nimekuja kukueleza kwa nini siku ile…"

"Hadija alishaniambia. Mwaka uleule. Mtoto hawezi kunificha kitu, anaanza kuimba." Aliweka ungo chini. "Nililia siku moja, ikaisha."

"Basi mama, mbona miaka yote hii hukuniletea neno? Nilidhani umeninunia."

"Ningekununia kwa lipi? Nilikuwa nangoja umalize kazi."

Akapapasa nyuma ya mlango, akatoa chupa. Nikamnyooshea mikono yote miwili.